Mafuta ya Mgando: Uzoefu Wangu, Kuanzia Magaga Hadi Betri ya Gari

Ninaishi Makambako, mkoani Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai hupasua midomo na visigino, na sijapata kipodozi kilichonifaa kuliko mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato, yale yanayouzwa famasi. Mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi, bali huyazuia yaliyomo yasipotee. Ndiyo maana huyapaka mara tu ninapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka utateleza, na ukavu hautapungua sana.

Kwa magaga, huloweka miguu katika maji ya uvuguvugu, nikaisugua taratibu kwa jiwe, nikaifuta kidogo, nikapaka mafuta mazito hasa ndani ya mipasuko, kisha nikalala na soksi za pamba. Kingo za mipasuko ndizo hulainika kwanza, na maumivu ya kukanyaga hupungua kabla ngozi haijafunga. Mchubuko mdogo nao, ukishaoshwa kwa maji na sabuni, huupaka kabla ya kuufunga, kwa kuwa kidonda chenye unyevu hupona vizuri kuliko kinachoachwa kikauke.

Asili ya bidhaa hii ni nta iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta huko Pennsylvania, Marekani. Wachimbaji waliichukia kwa kukwamisha mitambo, lakini waliipaka kwenye majeraha yao. Mkemia Robert Chesebrough aliisafisha na kupata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1872. Usafishaji huo ndio unaotenganisha mafuta ya famasi na yale ya viwandani, ambayo hayafai kabisa kupakwa mwilini, hata yakifanana kwa macho.

Kwenye gari, fundi wangu hufungua vichwa vya betri, akasugua ule unga mweupe wenye ukijani mpaka chuma king'ae, akakaza nyaya, ndipo akapaka mafuta ya mgando kwa juu ili hewa na unyevu visiifikie chuma. Tangu aanze kufanya hivyo, unga ule haurudi haraka, na gari huwaka vizuri hata asubuhi za baridi kali.

Malalamiko yangu ni kwa yale yenye manukato makali: aina moja ilimtoa mwanangu vipele shingoni, navyo vikaisha tulipoiacha. Aidha, usiyapake kwenye ngozi iliyoungua moto sasa hivi, kwani hufungia joto ndani. Poza kwanza kwa maji ya bomba. Usiyatumie kamwe pamoja na kondomu za mpira, maana huudhoofisha ukapasuka, wala usiyapake ndani ya pua kila siku, kwa sababu yakivutwa hadi mapafuni yanaweza kuleta ugonjwa. Kopo la familia tunalichota kwa kijiko safi, na la gari linakaa peke yake kwenye buti.