Nimelipia nisikilize Winter in America, nikapigiwa tangazo la bia

Nianze na hasira, sifa zitafuata zikipata nafasi. Kuna programu moja ya muziki kwenye simu, jina siitaji maana sitaki kuipa hata umaarufu wa kutukanwa. Imekata hela yangu ya mwezi, meseji ya makato ikaingia papo hapo, halafu akaunti ikabaki ileile ya bure, yenye matangazo. Hayo tumeshayazoea. Kilichonifanya nikae niandike ni mahali tangazo lenyewe lilipochomekwa.

Nilikuwa nasikiliza Winter in America, albamu ya Wamarekani wawili, Gil Scott-Heron na Brian Jackson, ya mwaka 1974. Kwa asiyeijua, ni soul iliyooana na jazz, taratibu kabisa, muziki wa jioni viatu vimeshavuliwa. Jackson anapapasa kinanda cha umeme, Scott-Heron anaimba kwa sauti nzito isiyo na haraka na mtu. Na ndani ya upole huohuo anakupa habari za ulevi, za waliohamia mjini wakabaki wanakulilia kwao, za viongozi waongo.

Humo kuna wimbo unaitwa The Bottle. Ukianza tu, mabega yanacheza yenyewe: besi inakimbia, filimbi ya Jackson inarukaruka juu yake. Ukitega sikio kwenye maneno, mabega yanashuka. Mtoto anakimbia kwa hofu, baba yake kaacha kazi kahamia kwenye chupa, kaweka rehani kila kitu mpaka pete ya ndoa ya mkewe. Yumo mwanamke ambaye mtu wake kafungwa. Yumo daktari aliyekuwa akiwasaidia wasichana wenye mimba wasizozitaka, sheria ikamwangukia, naye akaishia humohumo. Scott-Heron hakuwatunga tu kichwani. Alikuwa akiishi maeneo ya Washington, akawa anawaona watu wakijipanga nje ya duka la pombe, akawasogelea, wakazungumza.

Wimbo ukaisha. Filimbi haijanitoka masikioni, mara likaingia tangazo. Jamaa mchangamfu, kifuniko kinafyatuka, kitu kinamiminwa kwenye glasi, vicheko nyuma, nakaribishwa wikiendi na bia ya baridi.

Yaani baada ya wimbo ule. Pale pale.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza unalijua hata kabla halijafika: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Nikaeleza upya, kwa adabu, kwamba nimelipa na kwamba hata kama nisingelipa, bia baada ya wimbo wa walevi ni dharau. Akaja mtu, safari hii mtu kweli:

"Kaka, kwani muziki hausikiki?"

Nikamwambia unasikika.

"Sasa tatizo liko wapi?"

Nikaandika aya nzima. Akanijibu kwamba matangazo yanapangwa na mfumo, akafunga mazungumzo. Dakika hiyohiyo nikaletewa vile vikatuni vya nyuso, chagua unaonuna au unaocheka, utuambie tumekuhudumiaje. Hela? Hadi naandika hapa haijarudi.

Na si tangazo peke yake. Akaunti ya bure inakuchanganyia nyimbo upende usipende, na hii si albamu ya kuchanganywa. Inafunguka kwa Peace Go with You, Brother, ambao jina lake limeandikwa kabisa As-Salaam-Alaikum, na inafungwa kwa kuurudia kwa kifupi. Kati ya salamu hizo mbili ndiyo safari yenyewe. Mimi nilianzishiwa kejeli za siasa, nikarushwa kwenye bembelezo la baba kwa binti yake aliyelala, halafu salamu ikaingia katikati, kama mgeni anayepiga hodi na huku ameshamaliza kula. Kisha programu ikanichomekea wimbo wenyewe unaoitwa Winter in America, ambao kwenye santuri ya mwaka 1974 haumo kabisa! Ulitoka mwaka uliofuata, kwenye The First Minute of a New Day. Programu kwa kuona majina yanafanana, ikapiga.

Kinachoniudhi zaidi ni albamu yenyewe ilikotoka. Iliwekwa sokoni na Strata-East, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1971 na wanamuziki wawili, Charles Tolliver na Stanley Cowell, ili msanii aimiliki kazi yake mwenyewe badala ya kuiacha mikononi mwa kampuni kubwa. Leo kazi hiyohiyo imekuwa ubao wa kubandikia bia.

Haya, albamu kama albamu: nyota tano. Hapana, nne. Moja naikata kwa sababu ya H2Ogate Blues. Ni maneno matupu juu ya bluzi ya polepole, watu wanacheka pembeni, anawachambua Rais Nixon wa Marekani na watu wake kwa Watergate, ile kashfa ya kuvunja ofisi za chama pinzani na kuficha ukweli. Albamu ilitoka Mei 1974, Agosti Nixon kajiuzulu. Kichekesho cha siasa nacho huchacha, na nusu ya majina yale leo mpaka uulize. Kwa miaka nimekuwa nikiuruka.

Ila siku ile, nimetoka kujibizana na yule bwana wa "tatizo liko wapi", nikauacha upige. Na nikamwelewa Scott-Heron. Hapandishi sauti hata kidogo. Anawataja mmojammoja, taratibu, karibu kwa furaha, na ndivyo wanavyozidi kuonekana hovyo. Mimi aya yangu ile kwa huduma kwa wateja ilikuwa imejaa herufi kubwa. Nyota nairudisha, ziwe tano.

Halafu nikiendelea kufikiri, napoa tena, au niseme nachemka upya. Ule mfumo wa matangazo haukukosea sana. The Bottle unapigwa kwenye sherehe, watu wanaucheza na chupa mkononi, nimewaona kwa macho yangu. Kama wimbo wa kuonya kuhusu ulevi unauza bia vizuri hivi, huenda ulaini umezidi. Huenda ilipaswa iume kidogo. Lakini angefoka, nani angemfuata mpaka kwa yule daktari? Mimi nisingefika. Na hawa wanaoucheza, ipo siku mmoja wao atasikia habari ya ile pete.

Na kuna kiitikio. Scott-Heron hasimami kando kuwanyooshea walevi kidole. Anasema ukimtafuta, utamkuta humo ndani yeye mwenyewe. Zamani nilidhani ni ufundi wa mwandishi tu. Baadaye maishani kokeini ilimkamata kweli, akafungwa, na mwaka 2011 akafariki New York akiwa na miaka 62. Kiitikio kile kwangu kimebadilika kabisa, na ndicho kilichokuwa kimetoka kupigwa pale jamaa wa bia alipoanza kunichekea.

Mwenye haraka asikilize japo Rivers of My Fathers. Ni zaidi ya dakika nane na haujaribu kukufurahisha. Piano inaingia polepole, besi ya Danny Bowens inaisindikiza kwa mbali, na mtu aliyechoka na mji anaomba arudishwe kwao, kwenye mito ya wazee wake. Ule hauna anayeucheza na chupa mkononi. Nyota sita, kama zingekuwepo.

Programu naipa nyota moja, na hiyo ni kwa vile fomu haikubali sifuri. Makato ya mwezi ujao nimeshayazuia, na wakinirudishia changu nitasema hapahapa. Mwenye santuri ya Winter in America isiyokwaruza, hata gamba likiwa limechakaa, anijulishe kwa bei ya kibinadamu. Mashine ya kupigia ninayo.