Draisuti au wetisuti kwa meli iliyozama kwenye maji baridi

Ukipiga mbizi kwenye meli kama hiyo uvae nini? Chukua Sweepstakes, skuna (meli ya matanga) iliyojengwa 1867 ikazama 1885 pale Tobermory, Kanada, iko mita 6 tu chini, so wengi wanasema aah wetisuti, ile suti ya mpira inayoingiza maji kidogo, inatosha. Sawa, kama ni kiangazi na unashuka mara moja, tena iwe ya unene wa milimita 7 na kofia yake na glavu, kina hicho mpira haujabanwa sana bado unashika joto, unajigeuza kirahisi, unapiga picha zako unatoka.

Shida sasa, kina kifupi hewa ya tanki inadumu, unajikuta uko chini saa nzima, na maji yananyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, vidole vikifa ganzi hata kubonyeza kitufe cha jaketi la kuelea ni kazi.

Hapo ndo draisuti, suti isiyoingiza maji, inapong'ara, unavaa nguo kavu ndani mpaka mwisho. Ila bei kali, vyuma vya risasi vya mkandani vya kukuzamisha vinaongezeka, na karibu na uso wa maji ndipo hewa ya ndani inatanuka kwa kasi, ukizubaa unapaa kama puto. Mi nachagua draisuti, bora ujifunze kwanza kutoa hewa kwa vali ya begani.