Kugeuza faili la STL liwe umbo la kuhariri: uzoefu wangu na FreeCAD

"Kaka, ongeza tu milimita 12 hapo pembeni, halafu hilo tundu la beringi lisogee kidogo." Ujumbe ulikuwa mfupi hivyo, na chini yake faili la STL, muundo wa faili unaotumika sana kwa uchapishaji wa 3D, la kishikio kimoja. Kazi ya dakika tano, nikajisemea. Ikala siku mbili, na siku ya kwanza yote ilipotea kwa sababu sikujua nimepewa kitu gani.

FreeCAD, programu ya CAD (yaani ya kuchora vipande kwa vipimo kwenye kompyuta), nilikuwa nimeizoea, lakini kwa vipande ninavyovianza mwenyewe. Unachora mchoro bapa, unaupa vipimo, unauinua uwe kipande. Ukikosea unarudi nyuma, unabadilisha namba moja, na vyote vilivyofuata vinajipanga upya. Nikafungua lile faili nikitarajia mambo hayo hayo. Kishikio kikatokea kwenye skrini, kizuri, kona zote zipo. Nikabofya ndani ya tundu nibadilishe kipenyo, hakuna kilichoshikika. Nikatazama orodha ya kushoto, pale panapokaa hatua za ujenzi: jina moja tu la faili, basi.

Faili la STL halina tundu. Halina silinda, halina ukingo ulioviringwa, halina unene wa ukuta. Lina meshi, yaani wavu wa pembetatu, moja baada ya nyingine, kila moja na ncha zake tatu na mshale wa kuonyesha upande wa nje ni upi. Muundo huu ulizaliwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kuchapisha vitu za kampuni ya 3D Systems, na mashine zile zilitaka kujua uso uko wapi tu, basi. Kuuliza faili kama hilo kipenyo cha tundu ni sawa na kushika picha ya shati ukatafuta mshono wa kufumua.

Kuna hesabu moja ndogo niliyoipenda tangu siku ile. Katika STL ya bainari, baiti 80 za kwanza ni kichwa cha faili, 4 zinazofuata ni idadi ya pembetatu, kisha kila pembetatu inachukua baiti 50. Kwa hiyo nikiona faili la megabaiti 20.6 najua kabla ya kulifungua kwamba lina pembetatu kama 412,000, na ninashuku palepale kwamba limetoka kwenye skana ya 3D, ile inayonasa umbo la kitu halisi. Kishikio changu kilikuwa na kilobaiti 145 hivi, yaani pembetatu 2,900. Hiyo inabebeka.

Nianze na njia ambayo kila mtu huijaribu kwanza, mimi nikiwemo. Unahamia benchi la Part (FreeCAD hupanga zana zake katika mabenchi, kila moja na kazi yake), unachagua meshi, unatoa amri ya kuunda umbo kutokana na meshi, unakubali mwachano (umbali unaovumiliwa kati ya ncha) wa 0.1 unaopendekezwa, kisha unaligeuza hilo umbo liwe mango, yaani kitu kilichojaa ndani. Amri ziko mbili, na kwa kishikio changu zilimalizika nikiwa bado nimeshika kipanya. Kisha kuna ya tatu, ya kusafisha umbo, ambayo watu wengi huiruka. Usiiruke. Hiyo inatafuta nyuso bapa zilizolala kwenye ubapa mmoja na kuziunganisha. Ubavu uliokuwa na vipande mia na ushei ukawa uso mmoja safi, unabofyeka, unachoreka juu yake. Nilipiga meza kwa furaha.

Furaha yenyewe iliishia kwenye tundu. Nyuso bapa zinaunganika kwa sababu kweli ziko kwenye ubapa mmoja. Ukuta wa tundu la duara haumo humo. Lile tundu lilikuwa na vibapa 24 vilivyosimama kwa kuzungushana, na baada ya kusafisha vikabaki 24 vile vile. FreeCAD haikukosea. Hakukuwa na duara kwenye faili. Palikuwa na umbo la pande 24 ambalo jicho langu lililiita duara.

Na hapo ndipo nilipoharibu plastiki. Kishikio kilitakiwa kubeba beringi ya 608, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 22. Nikapima tundu kutoka kibapa hadi kibapa kinachokitazama, nikapata 21.81. Nikadhani aliyechora alitaka beringi ikaze, nikatengeneza tundu langu jipya kwa kipimo hicho, nikachapisha kwa printa ya 3D. Beringi haikuingia hata kwa nyundo. Kalamu na karatasi ndivyo vilivyonipa jibu: programu nyingi zikigeuza duara kuwa pembetatu huweka ncha juu ya duara lenyewe, na vibapa vinakatiza ndani. Kibapa hadi kibapa ni kipenyo mara kosaini ya nyuzi 180 gawanya kwa idadi ya pande. Kwa pande 24, 22 inakuwa 21.81. Kipenyo cha kweli kinapatikana ncha hadi ncha. Tangu hapo tundu lolote la meshi napima ncha kwa ncha, na kama pande ni nane au kumi na mbili nakuwa mkali zaidi, maana tofauti inakua haraka.

Jambo la vipimo lina dada yake: vizio. STL haisemi kama namba zake ni milimita, inchi au futi. FreeCAD inazisoma kama milimita, na huo ndio uamuzi wa busara, lakini wakati fulani nilifungua kipande cha sentimita sita kikatokea kama kichwa cha kiberiti, upana 2.362. Ukiona kitu kimekuwa kidogo kiasi hicho, zidisha kwa 25.4 uone kama namba zinakuwa nzima. Zangu zikawa 60 kamili. Aliyechora alikuwa wa inchi. Muundo wa 3MF, uliotoka mwaka 2015, unabeba kizio ndani ya faili. Anayenitumia 3MF badala ya STL namshukuru bila yeye kujua kwa nini.

Sasa, kosa langu kubwa kuliko yote. Baada ya kufanikiwa na kishikio nikajiona fundi, nikachukua meshi ya pembetatu 86,000 iliyotoka kwenye skana nikaipitisha njia ile ile. Kila pembetatu inageuka kuwa uso kamili wenye kingo na ncha zake, na Open CASCADE, injini ya maumbo iliyomo ndani ya FreeCAD, inabeba kila uso kwa uzito wake wote. Nikaenda kuoga. Nikarudi, nikapiga pasi nguo mbili. Kompyuta ilikuwa inahema tu. Nikaizima kwa kitufe. Siku hizi nina mpaka wangu binafsi: juu ya elfu kumi sithubutu bila kupunguza kwanza. Benchi la Mesh lina amri ya kupunguza, ila kwa kazi nzito napenda MeshLab, ambayo pia ni ya bure. Ile mbinu yake ya kuporomosha kingo huacha pembetatu nyingi penye mikunjo na kuzifyeka kwenye ubapa ambako hazina kazi.

Kabla ya kugeuza chochote, pitisha ukaguzi. Benchi la Mesh lina dirisha la kutathmini na kukarabati: pembetatu zilizorudiwa, zilizogeuzwa ndani nje, zilizokunjamana zikawa mstari, zinazopenyana, na kingo zinazoshikwa na pembetatu tatu badala ya mbili. Kwenye meshi iliyofungika vizuri kila ukingo una pembetatu mbili kamili, wala si moja wala tatu. Kutokana na hilo kuna mtego mdogo wa kuwanasa wazembe: idadi ya pembetatu lazima iwe shufwa. Kila pembetatu ina kingo tatu, kila ukingo unagawanywa kwa wawili. Ukipata 2,901 jua kuna mahali panavuja, hata kama macho hayaoni. Shufwa haikuhakikishii uzima, lakini witiri inakuhakikishia ugonjwa. Ukipuuza ukaguzi, bado programu inaweza kukupa kitu kinachoitwa mango. Kitaonekana kizima. Utakigundua siku utakapotoboa tundu na kipande kizima kikatoweka kwenye skrini.

Nilijaribu pia programu moja ya kulipia, kwa muda wa majaribio, kwa sababu matangazo yake yaliahidi kutambua silinda na ubapa zenyewe kwa mbofyo mmoja. Nitasema ukweli: kwa vipande vya kimashine vilivyotoka kwenye CAD nyingine, inatambua vizuri, na tundu langu la pande 24 liligeuka silinda halisi. Kwa faili la skana ikaniletea viraka vya nyuso zenye mawimbi, vizuri kwa kutazama, visivyofaa kwa kupima. Tena ilijifunga mara mbili katikati ya kazi bila kuhifadhi. Bei yake ukiipima na mara ninazohitaji kazi hiyo, sikushawishika. FreeCAD hailipiwi, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 lile tatizo la zamani la nyuso na kingo kubadilishana majina na kuvunja hatua zinazofuata limepungua sana, jambo ambalo kwa kazi ninayoieleza hapa chini ni muhimu kuliko mbofyo wowote wa ajabu.

Maana mwishowe karibu kila kazi naifanya upya juu ya meshi. Najua inasikika kama kushindwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba ndiyo njia fupi. Naiacha meshi kama ilivyo, bila kuigeuza, naifanya iwe na uwazi wa asilimia 60 hivi, na kuitumia kama fundi cherehani anavyotumia nguo ya zamani kukatia mpya. Hatua inayostahili subira ni ya kwanza: kukilaza kipande sawasawa kwenye mihimili. Meshi za skana huja zimeinama nyuzi mbili tatu, na ukizikata zikiwa hivyo kila duara litakuwa yai. Nikishailaza, natumia amri ya mikato ya benchi la Mesh: nachagua ubapa, nasema nataka mikato mingapi na kwa umbali gani, nami napata mistari ya umbo kana kwamba nimelipitisha msumeno. Juu ya mistari hiyo nachora mchoro wangu katika Part Design, kwa duara za kweli na mistari ya kweli.

Hapa ndipo mtu anapoipita programu, kwa sasa angalau. Mkato unakuambia upana ni 59.97. Aliyechora alichora 60, andika 60. Mkato unasema 4.96 kwenye kona ya mviringo, andika 5. Lakini ukikuta 6.35 usiikate iwe 6.5 wala 6, hiyo ni robo inchi iliyokaa mahali pake, na huenda skrubu inayopita hapo nayo ni ya inchi. Matundu manne yanayokaribia kufanana yafanye sawa kwa sharti moja. Kitu kinachokaribia kuwa na pande mbili zinazolingana, kilinganishe. Unachotafuta ni kile alichokusudia mchoraji, kwa kuwa namba za meshi zimeshapita mikononi mwa watu na mashine kadhaa kabla ya kukufikia. Kishikio kile nilikimaliza kwa michoro mitatu na hatua saba, kwa muda usiofika saa moja. Kuongeza milimita 12 ikawa kubadilisha namba. Mwenye faili aliporudi wiki iliyofuata, "samahani kaka, fanya 15", sikumkasirikia.

Ukimaliza, usiamini macho. Benchi la Inspection linakupakia rangi kuonyesha kipande kipya kimeachana na meshi kwa kiasi gani na wapi. Mara ya kwanza kulitumia niligundua nimesahau mteremko mdogo chini ya mguu mmoja, ambao kwenye skrini ulionekana kama kivuli.

Si kila kazi inadai haya yote. Ukitaka tu kukata meshi vipande viwili vitoshe kwenye printa, kuchonga jina juu yake, au kuikuza kwa asilimia tano, usigeuze kitu. Hariri meshi kama meshi, na Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo ya 3D, itakufaa kuliko CAD yoyote. Na kabla ya yote hayo, uliza kama kuna faili la STEP, muundo unaohifadhi silinda na nyuso halisi badala ya pembetatu. Mimi nilikuja kumuuliza yule jamaa wa kishikio baada ya kila kitu kuisha. "Ipo," akajibu. "Sikujua kama inafunguka kwako." Ilifunguka, ikiwa na silinda zake zote, kipenyo 22.

Kilichobaki mezani ni mpini wa kifaa kimoja cha mkono, ule uliotoka kwenye skana na kunizimisha kompyuta. Umepinda kila upande kufuata kiganja, hauna ubapa hata mmoja wa kuanzia mkato. Nimeupunguza hadi pembetatu 6,000, nimeugeuza mango kwa njia ya kwanza kabisa, na sehemu ya chini inakokaa skrubu nimeikata na kuichora upya kwa vipimo. Nusu meshi, nusu CAD. Hausafishiki, na nikikuza skrini naviona vibapa vyote. Mkononi hakisikiki hata kimoja.