Henry Big Boy yenye kilango cha pembeni: tazama risasi zinavyotolewa bila kufyatuliwa

Karibuni tena, wadau, karibuni sana. Leo sina utangulizi mrefu, hii bunduki iko mezani tangu asubuhi na mikono inaniwasha. Ni bunduki ya leva, ule mkono wa chini unaoupiga kuingiza na kutoa risasi: Henry Big Boy ya chuma, kaliba ya .357, ile yenye kilango cha pembeni cha kujazia risasi. Urefu wa mtutu, uzito, aina ya mbao, hayo mmeshayasikia, nayaruka. Nataka mkione kitu kimoja tu, na nitakaa nacho.

Hizi ni risasi za mazoezi, hazina baruti wala fataki, kile kiwashio cha kitakoni kinacholipuka kikigongwa. Leva nimeshafungua, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, nimeingiza kidole kuhakikisha, na mdomo wa mtutu unaelekea kwenye gunia la mchanga. Sogeza kamera hapa ubavuni. Risasi naisukuma kilangoni kwa dole gumba, lakini siimalizii, naacha kitako chake kinachungulia. Ya pili ndiyo inayoisukuma ya kwanza ndani. Mmeona? Ukiimalizia kwa kidole, kilango kinajifunga kwa springi na ule ukingo unakuchuna ngozi. Nane, tisa, kumi. Imejaa.

Sasa kuzitoa. Ukiwa na bunduki ya leva ya Marlin au Winchester, njia ni moja: unapiga leva, risasi inapita chemba, inaruka nje, unapiga tena. Mara kumi, na nyundo iko juu muda wote. Msimu wa kulungu uliopita, hapa Texas, tulikuwa kambini jioni. Jamaa mmoja anatoa risasi hivyo hivyo, kavaa glavu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ya sita ikalia! Ikaingia ardhini hatua mbili kutoka mguu wangu. Kampuni sitaitaja. Tangu siku ile kila bunduki ya leva ninayoshika, swali langu la kwanza ni hilo: inatoaje risasi?

Hii inatoa hivi. Nazungusha kichwa cha bomba la risasi, hili la chini ya mtutu, hapa mbele, navuta, kijiti cha shaba kinatoka na springi yake. Nainamisha mtutu kidogo... hizo! Zinateleza zenyewe. Zihesabuni na mimi. Kumi, na leva sijaigusa. Ndipo naifungua kuangalia chemba, maana iliyomo chembani haitoki kwa njia hii, na hapo usijidanganye. Tena mkono uupitishe ubavuni mwa bomba, usiupitishe mbele ya mdomo wa mtutu. Hilo ndilo silipendi katika mpango huu.

Kinachonishangaza ni muda uliopita. Henry ya kwanza kabisa, ya Benjamin Tyler Henry, mwaka 1860, ilijazwa kwa mbele tu. Winchester ya 1866 ikaleta kilango cha pembeni, kazi ya Nelson King. Kampuni hii ya leo haina ukoo na ile ya zamani, ilianzia Brooklyn miaka ya 1990, nayo ikashikilia kujaza kwa mbele mpaka 2019 ilipoongeza kilango bila kuondoa bomba. Njia mbili kwenye bunduki moja, na imechukua miaka yote hiyo!

Smith & Wesson nao wameliona. Bunduki yao ya leva iitwayo Model 1854, iliyotoka 2024, ina vyote viwili, kilango na bomba linalochomoka. Ruger, walioinunua Marlin mwaka 2020, wameirudishia heshima yake kwa kuiunda vizuri, nawapongeza kabisa, lakini bomba halichomoki. Badala yake tunaletewa vitako vya plastiki na matundu ya kufungia tochi. Mimi hayo... ngoja, niwe mkweli. Mtutu wenye uzi wa skrubu wa kufungia sailensa, kile cha kupunguza mlio, nimeanza kuupenda. Hii .357 inakula pia .38 Special, na ukiweka ile nzito ya mwendo wa polepole, kwa sailensa unasikia nyundo tu. Masikio yangu yananishukuru. Kwa hiyo tochi hapana, uzi ndiyo.

Kuna mdau wa Mombasa kaniuliza kama bunduki za leva zilifika kwetu. Zilifika. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka hapo Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya 1895, kaliba ya .405. Ile magazini yake, pale risasi zinapokaa, ni kisanduku, haina bomba. Kwenye bomba risasi zinalala foleni, ncha ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake, ndiyo maana hizi zangu zina pua bapa. Usitie yenye ncha kali ya chuma, nakusihi.

Bei? Dola elfu moja na ushee, na kwa ajili ya hilo bomba nalipa. Jumamosi tupo hewani moja kwa moja, nimeazima 1854 kwa jirani. Nitazijaza zote mbili na kuzitoa hapa hapa, mkononi saa, tuone.