Mzinga wa Kwanza: Nenda kwa Fundi na Rula

Kila msimu kuna mtu huniuliza anunue dawa gani ya varoa, yule utitiri anayeshambulia nyuki, wakati hata mzinga hana. Hela hiyo ina kazi nyingine. Kwa anayeanza kufuga nyuki hapa kwetu, mimi ningepanga manunuzi hivi.

Kwanza kabisa ni mavazi na bomba la kuwafukizia nyuki moshi, mzinga baadaye. Nyuki wetu hawana mzaha. Wavu wa usoni uwe mweusi; mweupe humeta juani, huoni ndani ya sega. Kagua zipu zinapokutana shingoni, ndipo wanapopenyea. Bomba chukua kubwa, lenye mvukuto mzima, lisikuzimikie katikati ya kazi. Magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe vinalitosha.

Pili, mzinga wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya mzinga ili nyuki wajenge masega chini yake, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970. Fundi wa mtaani anauweza, hauhitaji mashine ya kukamulia asali, na unakagua sega mojamoja. Ila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Niliwahi kununua mizinga minne bila kupima, kumbe viunzi vina 38. Nyuki wakajenga masega ya kukatiza, na kila nilipoinua kiunzi kimoja nilipasua masega matatu, asali ikamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki. Tangu hapo rula haitoki mfukoni. Mbao pia zinuse: zikinuka dawa au rangi, nyuki hawakai.

Tatu, Langstroth, mzinga wa masanduku yenye fremu. Inatoa asali nyingi kwa kuwa sega likishakamuliwa hurudi mzingani, nyuki hawaanzi kujenga upya. Lakini inadai fremu zilizokatwa sawasawa, nta ya kuanzishia na mashine. Isubiri mpaka mpate kikundi cha kuchangia mashine.

Mizinga ya gogo na ya gome naiweka mwisho. Wazee wa Tabora wamerina humo miaka na miaka, sawa, lakini kukagua majana bila kuvunja ni shida, na mzinga wa gome unaua mti.

Sasa hiyo varoa. Ni utitiri wa rangi ya kahawia nyekundu, upana wake kama milimita moja na nusu, unaozaliana ndani ya seli zilizofunikwa, hasa za madume. Kenya uliripotiwa mwaka 2009, na watafiti waliopima huko baadaye waliukuta karibu nchi nzima, huku makundi yakiendelea bila dawa. Ulaya na Marekani mambo ni tofauti, huko wasipotibu wanapoteza makundi. Huku ukitia dawa, masalia hubaki kwenye nta, na mnunuzi wa nje anapima.

Badala ya dawa, nunua vya kuhesabia varoa: kopo la mdomo mpana, wavu wa matundu ya milimita 3 wa kulifunika, na sukari laini ya keki. Kung'utia koponi nusu kikombe cha nyuki, kama 300, kutoka sega la majana. Hakikisha malkia hayumo. Vijiko viwili vya sukari, viringisha, subiri dakika moja, kisha tikisa juu ya sahani nyeupe. Hesabu utitiri, gawa kwa tatu: hiyo ndiyo idadi kwa kila nyuki 100. Nyuki wenyewe warudishe mzingani, weupe kama waokaji na wenye hasira, ila wazima.