Sanduku la Kikoba Lenye Kufuli Tatu

Sanduku la chuma linalotumiwa na kikoba chetu cha wafanyakazi, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni la kawaida kwa umbo, lakini utaratibu wake umefikiriwa kwa makini kuliko taratibu nyingi za ofisini ninazozifahamu. Lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, huku sanduku lenyewe likilala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Shirika la CARE lilianzisha vikundi vya aina hii nchini Niger mwaka 1991, na leo vimeenea sana Tanzania.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi utaratibu huu unavyolinda heshima ya mtunza sanduku, kwa sababu sanduku hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha kila mwanachama, hata pasiwepo nafasi ya kumshuku mtu kichinichini. Meneja na mfagizi hununua hisa kwa kanuni ileile, moja hadi tano kwa kila mkutano, jambo ambalo kwa maoni yangu limepunguza minong'ono kazini kuliko semina yoyote.

Kasoro zipo. Bawaba ni nyembamba, na mshika ufunguo mmoja akisafiri, mwenye shida ya dharura hana budi kusubiri. Anayenunua achague bati nene, na kufuli azinunue kando, kila moja ya aina yake, maana za bei nafuu huweza kufunguliwa kwa ufunguo wa nyingine.