Ubao wa A3 au kompyuta? Nimechora ngazi moja mara mbili

Karibuni, karibuni. Leo sina bidhaa mpya ya kufungua boksi. Nina ubao wa kuchorea wa A3 ambao kingo zake zimeshachakaa, na nina kompyuta yenye LibreCAD, programu ya kuchorea ambayo haigharimu kitu. Swali mnaloniuliza kila siku ni lile lile: anayeanza kujifunza kuchora ramani za majengo aanze na ubao, au aruke moja kwa moja kwenye kompyuta? Nimechoka kujibu kwa mdomo. Nimechukua nyumba moja ndogo, mita 9 kwa mita 7, chini na juu, nikaichora mara mbili. Kwanza kwa penseli, kisha kwa kipanya. Nitawaonyesha kilichotokea, na penye aibu nitawaonyesha aibu.

Tuanze na ubao. Nausogeza karibu, kamera iuone. Ni wa plastiki ngumu, una rula ndefu inayoteleza juu na chini kwenye mifereji miwili ya pembeni, na kuna kitufe cha kuifunga isisogee. Kwa mtu mwenye meza ndogo, huu unamfaa kuliko ubao wa mbao na rula ya T. Rula ya T inataka mkono wa kushoto uibane kwenye ukingo wa ubao muda wote, ukijisahau kidogo tu, mstari umeshapinda.

Ila rula hii inacheza. Angalieni hapa. Nabonyeza ncha ya kulia... mmeona imeshuka? Kama nusu milimita hivi. Utasema nusu milimita ni kitu gani. Kwa skeli ya 1:50, yaani milimita 1 ya karatasi ni 50 za nyumba yenyewe, nusu milimita kwenye karatasi ni milimita 25 kwenye ukuta. Kona ikienda kombo kiasi hicho, fundi wa vigae akifika atakutaja kwa jina. Dawa yake ni kufunga kile kitufe kabla ya kila mstari mrefu na kubonyeza rula katikati, si kwenye ncha. Mtengenezaji angeongeza skrubu moja tu ya kurekebishia, nisingekuwa na la kusema.

Ndani ya boksi mlikuwa na seti-skwea mbili, zile rula za umbo la pembetatu, ya digrii 45 na ile ya 30 na 60. Usiziamini hata moja kabla hujazipima, na kuzipima hakuhitaji chombo kingine. Laza seti-skwea juu ya rula, chora mstari wa wima. Igeuze kama unavyogeuza chapati, upande wa chini uwe juu, irudishe kwenye nukta ile ile ya chini, chora tena. Kama pembe yake ni digrii 90 kamili, mistari miwili inakuwa mmoja. Ya 45 ilifaulu. Hii ya 60, tazameni: sentimita 15 juu, mistari imeachana milimita nzima. Kosa lenyewe ni nusu yake, maana kuigeuza kunalionyesha mara mbili, lakini kwangu imeshafeli. Siku hizi naitumia kukatia karatasi.

Penseli: 2H kwa mistari myepesi ya kupangia, HB kwa mistari ya mwisho, basi. Bikari iliyokuja nayo miguu imelegea, sina haja ya kuimalizia muda.

Sasa ndipo ubao unapoanza kukusomesha. Kabla hujachora mstari wa kwanza, karatasi inakuuliza swali. A3 ni milimita 420 kwa 297. Nyumba yangu ya mita 9 kwa 7, kwa 1:50, inakuwa milimita 180 kwa 140. Ramani ya chini ina upana wa 180, na mkato, yaani nyumba ikionekana kana kwamba imepasuliwa kutoka paa hadi msingi, ni 180 nyingine. Jumla 360. Zinabaki 60 za pambizo, nafasi ya katikati na vipimo. Inabana lakini inaingia. Ramani ya juu haipati nafasi kabisa, inaenda karatasi ya pili. Hapo sijagusa penseli bado, na tayari nimeamua skeli, nimeamua idadi ya karatasi, nimeamua kipi kikae karibu na kipi. Kompyuta haikuulizi lolote kati ya hayo. Inakupa kiwanja cheusi kisicho na mwisho, chora tu baba.

Tufike kwenye ngazi, maana ngazi ndiyo iliyonifanya niirekodi video hii.

Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni milimita 3000. Nimeigawa kwa vidato 18, kila kidato kinapanda milimita 167 kasoro kidogo, mguu haulalamiki. Kwa 1:50, milimita 3000 ni milimita 60 kwenye karatasi. Gawanya 60 kwa 18 upate tatu nukta tatu tatu tatu isiyoisha. Nani ataweka alama hizo kwa jicho? Hakuna. Kwa hiyo unafanya hivi, sogeza macho: mistari miwili ya mlalo, sakafu ya chini na sakafu ya juu, iko umbali wa milimita 60. Naweka rula ya kawaida kimshazari kati yake, sifuri iguse mstari wa chini, nainamisha mpaka alama ya milimita 90 iguse mstari wa juu. 90 ukigawa kwa 18 ni 5. Natia nukta kila milimita 5, na kutoka kila nukta navuta mstari wa mlalo. Vidato 18 sawasawa, bila hesabu ya desimali. Kila nikifanya hivi nafurahi kama mtoto.

Kila kidato kina sehemu ya kukanyaga ya milimita 280. Kuna kanuni ya zamani, inatajwa pamoja na jina la msanifu Mfaransa François Blondel wa karne ya 17: zidisha kimo cha kidato mara mbili, jumlisha na sehemu ya kukanyaga, jibu liwe karibu na hatua ya mtu. Siku hizi wengi wanalenga kati ya milimita 600 na 650. Yangu ni 167 mara mbili, 334, ongeza 280, 614. Imekubali. Naanza kuchora: kidato, kidato, kidato... nikifika cha kumi na tano, penseli inagonga ukuta. Chumba cha ngazi nilikipa milimita 4200, na ngazi iliyonyooka ya vidato 18 ina sehemu za kukanyaga 17, maana ya mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. 17 mara 280 ni 4760. Haiingii! Nikasimama, nikafuta, nikaikunja ngazi katikati: vidato 9, kituo, yaani sakafu ndogo ya kugeukia, cha milimita 900, halafu 9 kurudi. Kila kipande kina sehemu za kukanyaga 8, yaani 2240, ongeza kituo 900, ni 3140. Inaingia, na nafasi inabaki. Dakika ishirini zimepotea, na raba imekula karatasi kidogo, hapo panaonekana.

Haya, kompyuta. Kwa makusudi sikuikunja ngazi, nilirudia wazo la kwanza la ngazi iliyonyooka nione kosa lake nitalikamata wapi. LibreCAD inatokana na QCad, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na inachora bapa tu, haina umbo la pande tatu. Kwa mwanafunzi wa ramani hiyo si kasoro. Unaandika vipimo halisi, milimita 9000 unaandika 9000, hakuna kugawa kwa 50. Kidato kimoja kinachorwa, kinanakiliwa, kimekwisha. Dakika tatu.

Na ngazi ikapita ndani ya ukuta, ikatokea jikoni.

Sikuiona. Nawaapia sikuiona hadi nilipomaliza milango na madirisha yote. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimekuza kidato kimoja kikajaa kioo chote, nikihakikisha kona zinagusana. Kwenye kompyuta, ukiona nyumba nzima, kidato ni kama unywele. Ukiona kidato, nyumba imetoweka. Kwenye ubao macho yako yanabeba vyote viwili kwa wakati mmoja, upende usipende. Hilo ndilo ninalowaambia wanaoniuliza, na hakuna kitufe kinacholiondoa. Unachoweza ni kujizoesha: kila baada ya kazi fulani, rudi uone mchoro mzima. Aliyejifunzia ubaoni anarudi bila kukumbushwa. Anaanza kukosa raha akikaa karibu mno.

Msije mkadhani naisema kompyuta vibaya. Nilihamisha dirisha la sebule milimita 600 kulia, likahama. Ubaoni, kama umeshapitisha wino kwenye karatasi angavu ya kuchorea, kazi hiyo ni kuparua kwa wembe huku umeshika pumzi. Halafu kuna leya, yaani matabaka ya mchoro yanayolaliana. Kuta kwenye leya yake, umeme kwenye yake, mabomba kwenye yake. Unazima, unawasha, fundi bomba anapata karatasi isiyo na swichi. Mtu aliyechora ramani ile ile mara nne kwa ajili ya mafundi wanne anajua uzito wa hicho kitu.

Leya pia ndipo wanaoanzia kompyuta wanapojulikana. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa msumeno kama mita 1.2 kutoka chini, ukaondoa ya juu, ukachungulia. Kilichokatwa, yaani ukuta, kinachorwa kwa mstari mnene, tuseme milimita 0.5. Kinachoonekana chini ya mkato, kama sinki au vidato vya kwanza, kinachorwa 0.25. Kwa kalamu za wino unashika kalamu tofauti, huwezi kusahau. Kwenye kompyuta usipoipa kila leya unene wake, karatasi inatoka mistari yote sawa, ukuta na kochi vimelingana hadhi. (Kwa pembeni tu: unene wa kalamu hizi, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, haukupangwa ovyo. Kila mmoja ni ule wa kabla yake mara 1.4 hivi, sawa na upana wa A4 ukilinganisha na A3. Ukikuza A4 kuwa A3, mstari wa 0.25 unakuwa wa 0.35, kalamu ambayo unayo tayari.)

Maandishi nayo yanawasumbua wengi. Unataka herufi za milimita 3.5 kwenye karatasi? Kwa kuwa unachora kwa ukubwa halisi na utachapa kwa 1:50, herufi uziandike kwa urefu wa 175. Ukiandika 3.5 utachapa vumbi.

Aibu ya pili, na hii ni yangu kabisa. Nilipanga mchoro kwenye A3 kwa 1:50, nikauchapa kwenye printa ya A4, na kwenye dirisha la kuchapa nikaacha ile alama ya kupunguza mchoro utoshee karatasi. Ukatoka mzuri, safi. Mlango wa milimita 900, ambao kwa 1:50 ni milimita 18, ulikuwa milimita 12.7. Kwenye kona bado pameandikwa 1:50. Fundi akiweka hapo rula ya skeli, ile yenye alama za 1:50, anasoma mlango wa milimita 635. Mtu hapiti na godoro! Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ina mstari wa skeli uliochorwa, mita 0 hadi 5, unaopungua pamoja na mchoro, na maneno haya: soma vipimo vilivyoandikwa, usipime kwa rula. Karatasi ya ubaoni haina ugonjwa huu, mpaka mtu aitie kwenye mashine ya fotokopi.

Na vijana, jamani, kile kipimo kinachoandikwa na programu msikifute mkaandika namba mnayoitaka juu yake. Mstari ni 2950, mtu anaona uvivu kuusahihisha, anaandika 3000. Ubaoni huo ungeitwa uongo. Kwenye kompyuta watu wanauita kuhariri.

Kuhusu AutoCAD, ile programu ya kuchorea ya kulipia, najua mtauliza. Ilitoka mwaka 1982 na faili zake za DWG ndizo ofisi nyingi zinabadilishana, kwa hiyo ukiajiriwa huenda utakutana nayo. Wanafunzi wanaokidhi masharti wanaipata bure kwa matumizi ya masomo. LibreCAD inafungua baadhi ya DWG lakini inahifadhi kwa DXF, aina nyingine ya faili za michoro, kwa hiyo ukimtumia mtu faili mwambie mapema. Kwa kujifunzia, mstari ni mstari. Tena cha kuchekesha, Ivan Sutherland alipoonyesha Sketchpad yake pale MIT mwaka 1963, moja ya programu za mwanzo kabisa za kuchora kwa kompyuta, alikuwa ameshika kalamu ya mwanga, anagusa nayo kioo. Mkono ulikuwepo.

Kwa hiyo, ubao huu: ununue kama rula haichezi, ipime dukani kwa kubonyeza ncha kama nilivyofanya. Seti-skwea nunua kando, na rula ya skeli ya pembe tatu pia. Chora nyumba tatu kamili kwa penseli, na mojawapo iwe na ngazi, ngazi haikosi kukuumbua. Halafu pakua LibreCAD, uzichore tena nyumba zile zile tatu, usianze mpya, ili ukikosea ujue aliyekosea ni mkono au ni programu.

Mchoro wa ngazi iliyokunjwa nitauacha chini ya video, wa penseli na wa kompyuta. Kwenye ule wa kompyuta nimeacha kosa moja kwa makusudi. Halipo kwenye ngazi. Atakayeliona aandike.